Ribiti ya Pili

Tarakea, Rombo
13 Machi 1977

Mdogo wangu Kastori,

Pokea salamu zetu sote wa huku juu. Tu wazima, ila ni uzima wa kushikilia kwa mikono miwili. Salvina anaota meno, na asipolala yeye halali mtu. Redempta ametimiza miaka minne na ameanza kunisahihisha ninavyosonga ugali. Ng'ombe amezaa, ndama ni dume, kwa hiyo maziwa yapo lakini furaha ni nusu. Mama hajambo, ni mguu tu.

Shemeji yako Kornel ameingizwa kwenye mgambo tangu mpaka ufungwe. Kazi yao ni kulinda vijia vya kuvukia kwenda Kenya. Asubuhi anarudi na umande hadi magotini, analala, na mimi nashinda nikiwanyamazisha watoto kama tuko misani. Wamempa rungu na tochi. Betri ajitafutie mwenyewe.

Sasa sikiliza. Tumeezua nyumba ya Mama ili iwekwe bati, na vyombo vyote vimehamia kwangu. Katika vyombo hivyo imo bunduki ya Baba. Lile bamba la chuma la ubavuni, linaloshikilia mtambo wa kufyatulia, linaning'inia. Ribiti zake zote mbili, ile misumari ya kuponda mkia inayolibana, zimekatika. Na kibali cha Baba kilikufa naye. Balozi wetu wa nyumba kumi kanieleza kwa upole kwamba bunduki isiyo na mwenyewe ipelekwe kituoni.

Mimi ni binti niliyeolewa. Cha Baba si changu, ni chako wewe kitindamimba, na ndiyo maana nauliza kabla ya kugusa. Niambie neno moja: ipelekwe au isipelekwe? Nina watoto wawili, na chumba changu hakina mlango, kina pazia.

Nakuandikia Salvina akinyonya. Usicheke mistari inavyopanda mlima.

Dada yako,
Digna


Shirimatunda, Moshi
5 Aprili 1977

Dada Digna,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yangu mara mbili, na watoto wabebe mmoja mmoja kwa niaba yangu. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga hapa kinavuja upande wa kichwani, nimegeuza kitanda, sasa kinavuja miguuni.

Gereji tunafanya kazi siku tatu kwa wiki. Unajua mkono wangu ni kupiga ribiti kwenye viatu vya breki, kushikisha bitana mpya. Sasa bitana mpya hakuna, ribiti hakuna, magari yanakuja na breki za kuombea Mungu. Jumapili nakwenda Kwa Sadala kwa mzee mmoja, Anaeli, Mlutheri mpole, mwenye kibali cha bunduki ya kufukuzia nguruwe kwenye mahindi yake ya tambarare. Nilimtengenezea kitako kilichopasuka, na tangu siku ile, dada, mkono wangu umeipenda kazi hiyo kuliko breki. Breki ikitoka gereji siioni tena. Bunduki ya mzee naishika kila Jumapili na kuiona inavyoendelea.

Ya Baba usiipeleke. Bunduki mbovu ikifika kituoni wataitupa stoo ioze. Nataka niitengeneze kwanza, halafu niombe kibali kwa jina langu. Kuisafirisha kwenye basi bila karatasi siwezi, kwa hiyo nitaifuata kazi huko, si kazi inifuate mimi. Natengeneza kifaa cha kupigia zile ribiti mbili. Nakiita kitanda, maana ribiti inalala humo kichwa chini, na wewe unagonga mkia wake bila kukibonyeza kichwa. Nimepata kipande cha reli, kizito kama dhambi. Kinachokosekana ni kipimo. Chukua bua kavu la ulezi, lisukume kwenye tundu la ribiti hadi likaze, likate hapo, ulitie kwenye bahasha.

Usimpe mtu. Hata shemeji asiisogelee.

Kastori


Tarakea
8 Mei 1977

Kastori,

Marahaba. Huku mvua imekuja na matope yake yote. Mama amelala kwenye nyumba yake ya bati na analalamika kwamba mvua inampigia kelele, nyasi zilikuwa na adabu.

Bua hilo hapo, nimekata kama ulivyosema. Bunduki nimeifunga kwenye mkeka na kuiweka juu ya dari, mahali Redempta hafiki hata akipanda kigoda. Nimekusikiliza kwa sababu ni yako. Lakini sitakaa nayo mwaka.

Nina swali moja. Ukishaitengeneza, utaipigia nini? Mzee wako ana nguruwe. Sisi huku tuna migomba na wanawake wachovu. Baba aliitumia kwa nyani wa kule porini, na shamba la porini tuliligawa kijiji cha ujamaa kilipokuja. Sijibiwi na mtu mwingine hili, najibiwa na wewe.

Kornel anakusalimu. Anasema ukija ulete betri.

Digna


Shirimatunda
29 Mei 1977

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Pombe ya mbege ya huko naikumbuka hadi mate yananitoka. Hapa mjini wanauza maji ya ulezi.

Bua lako limefika. Au niseme, limefika likiwa unga. Posta waligonga muhuri juu yake. Nimemwaga mezani nikapata uji wa mtoto. Basi tubadili. Chukua kipande cha mshumaa, kipashe moto kilainike, ukibandike juu ya tundu na kukisukuma ndani kwa dole gumba. Kikipoa kivute. Kitatoka na umbo la tundu kama jino.

Kuhusu swali lako, mtu hana haja ya kujua atakachokipigia ndipo atengeneze. Saa ya Baba ilikuwa haifanyi kazi na aliivaa kila Jumapili.

Kuna rafiki yangu, Primus, tulisoma naye darasa moja kule Mkuu. Atapita huko kwenu siku zijazo. Ndiye anayeniletea ribiti za shaba, ambazo hapa Moshi hata ukilia machozi ya damu hupati. Ameniletea kopo zima, dada. Nikilitikisa linalia kama mvua ya bati la Mama. Akipita mpe maji ya kunywa.

Kastori


Tarakea
3 Julai 1977

Mdogo wangu Kastori,

Nimechelewa kukujibu. Redempta alishikwa na surua, nikalala naye kifuani siku tisa. Sasa anakula mtori na kunung'unika, kwa hiyo amepona. Salvina ameanza kusimama akishika ukuta. Kahawa imekubali mwaka huu, matawi yameinama.

Primus alikuja. Hakuja kwa ajili ya maji. Aliketi kwenye kigoda cha Kornel bila kukaribishwa, nami nilikuwa namenya ndizi. Nitakuandikia tulivyosema, ili usije ukaniambia nimesikia vibaya.

Alianza hivi: "Dada, kile kitu cha mzee kipo?"

Nikamwambia, "Mzee aliacha vitu vingi. Hata kikohozi chake alimwachia Mama."

Akacheka. "Kastori kaniahidi. Akishapiga zile ribiti zake, kitu kinakuja kwangu. Kiwe kazini kabla kahawa haijakauka."

"Kazi gani?"

"Kuwinda."

"Unawinda nini mpakani hapa?"

Akanitazama kama anayempima mtu kwa macho kabla ya kumshonea shati. Akasema, "Siku hizi gizani kuna tochi nyingi mno, dada. Zinahitaji kutishwa kidogo zizimike."

Kornel alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta. Nilimsikia akijigeuza usingizini. Primus hakujua ile ni nyumba ya nani, alijua tu ni ya dada yako.

Nilimpa ndizi moja mbivu nikamwambia njia ni ile aliyojia.

Sasa nijibu. Primus ni nani kwako, na umemwahidi nini? Nijibu hilo kwanza kabla ya neno lolote la vyuma.

Nta yako imo humu, nimeizungushia jani kavu la mgomba ili posta wasiile. Nimebandika kwenye tundu lililokuwa mbele yangu na imetoka kama jino, kama ulivyosema.

Digna


Shirimatunda
24 Julai 1977

Dada,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwa Redempta. Mwambie mjomba anamletea peremende, akizipata.

Nta imefika nzima. Nilipoiona nilishangaa, ribiti ni nene kuliko nilivyokumbuka. Nimechimba kikombe cha kichwa chake kwenye kile kipande cha reli, kwanza kwa keekee, halafu kwa kusugua na mchanga uliotiwa oili, Jumapili mbili nzima. Ukitia kidole unahisi kama uko ndani ya ganda la yai. Juu yake nimefunga mkono wa springi ya Landrova, unaoshika tindo wima. Kwa hiyo hata ukigonga umechoka, hata ukigonga una hasira, tindo haliendi pembeni. Nimejaribu ribiti ishirini kwenye kipande cha mkanda na zote zimekaa kama vifungo vya koti la padri. Natamani ungeona. Hapa hakuna wa kumwonyesha. Gereji wanauliza tu, kinauzwa?

Primus ni mtu wa maneno mengi. Mambo ya tochi ni mzaha wake, usiyabebe moyoni. Kila mtu wa kwetu anajua mtu anayevusha debe mbili za kahawa. Wewe mwenyewe sabuni yako inatoka wapi?

Nitakuja Krismasi kama wana wote wa Uchagga, na kitanda changu begani.

Kastori


Shirimatunda
11 Septemba 1977

Dada Digna,

Shikamoo. Wiki saba sijapata mstari wako. Nimeuliza makondakta wa Rombo wakasema hamjambo. Nasikitika kupata habari za dada yangu kwa kondakta.

Nilimpelekea Mzee Anaeli ile nta. Aliigeuza-geuza, akavaa miwani, akavua. Akaniuliza, "Kijana, hii ni ribiti ya bunduki au ya daraja?" Nikamwambia ni ya bunduki ya marehemu baba. Akasema, "Basi baba yako alikuwa anapikia mbege ndani yake." Wakacheka nyumba nzima, hata mkewe. Mimi sikucheka. Nimefanya kazi Jumapili tisa kwa kipimo hicho.

Pima tena. Na uniambie ukweli wa kinachoendelea huko. Kahawa inaanikwa sasa, na kuna mtu anayenisubiri. Lile kopo la ribiti sikupewa kwa urafiki mtupu. Hilo nimelisema, sasa nawe sema lako.

Kastori


Tarakea
25 Septemba 1977

Mdogo wangu Kastori,

Marahaba. Sisi ni wazima. Salvina anatembea na anaangukia makalio, anasimama tena. Mama mguu umevimba lakini anakwenda kanisani kwa kukokota. Kornel amekonda.

Umesema lako nusu, nitasema langu zima.

Bunduki haipo. Ile nta ni ya kishikio cha mfuniko wa sufuria ya Mama ya mbege. Mzee wako ana macho mazuri, umsalimu.

Primus alipotoka kwangu mwezi wa sita, niliweka kisu chini na ndizi zikabaki nusu zimemenywa. Nilipanda darini. Bunduki niliitia katikati ya majani ya ng'ombe, nikafunga mzigo, nikajitwika, Salvina mgongoni. Huku kwetu mwanamke mwenye mzigo wa majani haulizwi anakwenda wapi. Nilipita mbele ya watu watano walioniambia pole, hakuna aliyetazama juu ya kichwa changu mara ya pili. Nilimpitia balozi awe shahidi. Kituoni nilifungua mzigo mezani, askari akaruka na kiti chake. Nimesaini karatasi. Penye jina la mwenye mali nimeandika jina la Baba, na penye aliyeleta nimeandika binti yake. Karatasi ninayo.

Mama nilimwambia jioni. Hakunigombeza. Alisema, "Baba yenu alipiga nyani. Hakupiga watu," halafu akaomba apewe Redempta ambebe.

Utaniuliza, kwa nini sikukuambia. Kwa sababu nakujua tangu ukiwa na kamasi. Ungesikia haipo ungetafuta nyingine wiki ile ile. Lakini ukiwa unasubiri kipimo changu, nilijua upo Shirimatunda na tupa yako na mchanga wako, Jumapili hadi Jumapili, na Kornel anarudi asubuhi na umande wake. Kila wiki uliyosugua kile chuma niliipata mimi hapa.

Kwa mila nimegusa kisicho changu. Wazee wa ukoo wakiniita nitakwenda na nitasimama mbele yao na mtoto mgongoni. Mama anataka nikutumie jani la sale kukuomba radhi, kama inavyotakiwa. Sijalituma. Nikilituma utadhani najuta.

Tochi ambayo Primus anataka kuitisha anaishika Kornel. Yule yule aliyekufundisha baiskeli kwenye mteremko wa kanisa akikimbia nyuma yako ameshika kiti. Kama ulikuwa umelisahau hilo, nimekukumbusha. Kama hukulisahau, basi sijui naandika kwa nani.

Bado ni dada yako,
Digna


Shirimatunda
16 Oktoba 1977

Dada,

Shikamoo.

Barua nimeipata. Ungekuwa kaka ningejua la kukufanya. Miezi mitatu umenichezea kama mtoto, na kile kitu nilichokifanya kwa mikono yangu yote miwili kinafaa kwa mfuniko wa sufuria.

Bunduki si hiyo moja duniani.

Wasalimu watoto.

Kastori


Tarakea
30 Oktoba 1977

Kastori,

Umeniandikia mistari michache hadi nikageuza karatasi kutafuta mingine. Salamu za watoto nimezifikisha. Redempta ameuliza peremende ziko wapi.

Ule mstari wa bunduki si hiyo moja, nimeusoma nikichuma kahawa, nikiosha nepi, nikitia chumvi kwenye mboga mara mbili. Kornel ameniuliza nina nini, nikasema mgongo.

Sina tena cha kukuficha wala cha kukuchelewesha. Kwa hiyo nitakupa kilichobaki. Zamu ya Kornel ni Jumanne na Ijumaa. Wanapita njia ya chini, kando ya kijito, pale tulipokuwa tunachota maji tukiwa wadogo. Yeye hutangulia, kwa sababu ndiye mwenye tochi, na wenzake wanamfuata nyuma. Hana bunduki.

Mke mwenye akili asingeandika haya kwenye karatasi. Nimeyaandika ili usije siku moja ukakaa kwenye matanga na kusema hukujua. Sasa unajua. Siku zake ziko mkononi mwako, zishike unavyoshika ribiti zako.

Chakula kipo, sweta la Baba lipo kwenye sanduku. Baridi ya Desemba unaijua.

Digna


Shirimatunda
Jumapili, 27 Novemba 1977

Dada Digna,

Shikamoo. Barua hii nampa kondakta wa basi la Rombo, posta itachelewa. Nakuomba uisome leo hii utakapoipata, hata kama mtoto analia.

Primus alipata bunduki nyingine, ya kizamani, kutoka ng'ambo. Ugonjwa wake ni ule ule, bamba la ubavuni limeachia. Alikuja nayo jana mchana imefungwa kwenye gunia la mbolea. Kitanda changu kilikuwa tayari. Nilishachimba kikombe kingine pembeni ya kile cha sufuria, kidogo, cha saizi ya ribiti za kopo. Ndiyo, nilikichimba baada ya barua yako ya Septemba. Nilikuwa na hasira na wewe na nilitaka kione kazi.

Niliibana kwenye jiliwa, nikalaza ribiti ya kwanza, nikaipiga. Ilikaa vizuri, dada. Sijawahi kupiga nzuri kama ile. Nikalaza ya pili. Nikamuuliza, kwa kuzungumza tu, "Mnavuka lini?"

Akasema, "Ijumaa."

"Njia ipi?"

"Ile ya kijito. Mbele huwa anatangulia mmoja na tochi. Huyo akizima, wengine wanakimbia."

Nyundo ilikuwa mkononi. Niliishusha nikasema kifaa kimepata ufa. Akasema hauoni ufa. Nikachukua tindo kubwa nikakipasua kikombe mbele yake, ili nisiwe mwongo kama dada yangu. Kipande kikaruka hadi mlangoni. Primus alinitazama sana. Akasema, "Moja inatosha." Akafungua jiliwa mwenyewe, akachukua bunduki, akachukua na kopo la ribiti.

Nilichokifanya ni hicho. Sasa ambacho sikukifanya. Sikumnyang'anya. Sikumwambia mwenye tochi ni shemeji yangu. Kituoni sikwenda, kwa sababu wangeuliza ribiti ya kwanza kapiga nani. Na kuja huko mwenyewe siwezi, naogopa uso wa Kornel. Nimeketi hapa tangu jana naigusa mikono yangu, sijui niiweke wapi.

Mzuie Ijumaa. Mwambie mtoto anaumwa. Wewe unajua kudanganya kwa kufaa, nifundishe.

Kastori


Tarakea
6 Desemba 1977

Mdogo wangu Kastori,

Barua yako imenifikia jana, Jumatatu. Basi lilikosa dizeli likalala Himo siku nyingi, kondakta naye akabaki na barua yako mfukoni. Ijumaa ilikuwa imekwisha pita. Kornel alikwenda zamu yake kama kawaida na mimi nilimfungia kiazi kwenye leso.

Yu hai. Nakuambia mapema, ukae chini.

Alirudi Jumamosi asubuhi, akaketi kwenye kigoda, akataka chai. Alisimulia akicheka.

Walikutana nao pale kijitoni, watu kama wanane, na magunia. Wa mbele akainua bunduki. Kornel anasema palikuwa kama kutoka mlango wetu hadi mti wa kwanza wa kahawa. Tochi ilikuwa imemmulika mtu huyo kifuani na mikononi, uso hakuuona.

Nikamuuliza, "Akafyatua?"

"Alivuta. Kikaanguka kitu."

"Kitu gani?"

"Chuma. Kikagonga jiwe, ting. Ubavu wote wa bunduki ukamfungukia mkononi. Yule bwana akautazama mkono wake kama mtu aliyeangusha kijiko mezani kwa mkwewe. Halafu wakatupa magunia, wakapotea. Hatukumpata hata mmoja."

Akatia mkono mfukoni akatoa bamba. Alikuwa ameliokota. Akampa Salvina alichezee, na Salvina akalitia mdomoni, maana bado anatafuna kila anachokipata. Nililichukua nikamfuta mate. Lina tundu mbili. Moja tupu. Nyingine ina ribiti ya shaba, mpya, kichwa chake mviringo kama kifungo, na imeng'oka na kibanzi cha mti wa bunduki kikiwa bado kimeshika mkia. Haikulegea yenyewe, Kastori. Mti ndio uliochoka kubeba peke yake.

Kornel naye aliitazama kwa muda. Akasema, "Fundi gani huyu? Mtu anapiga ribiti moja safi hivi, halafu ya pili anaiacha. Alikatishwa na nini?"

Nilisimama nikaenda kukoroga uji ambao ulikuwa umeiva.

Hilo lilikuwa Jumamosi. Jana ndipo nilipoisoma barua yako, na nimekaa nayo usiku mzima kama mgonjwa. Nimekulaani na nimekushukuru, na sijui nilianza na lipi. Umeacha ribiti moja na mume wangu amekunywa chai. Umepiga ribiti moja na mume wangu ameelekezewa mtutu. Yote mawili ni mkono mmoja, na mkono huo niliubeba mgongoni ukiwa mdogo.

Kornel bado anauliza. Jana wakati wa chakula ameuliza tena, nani fundi yule. Mimi sitamjibu. Nimemdanganya mtu mmoja mwaka huu, na alikuwa ndugu yangu. Mume sitamwongeza.

Bamba nimelifunga kwenye pembe ya kanga yangu ya kanisani. Mama anajua, hakuna mwingine. Utakuja Krismasi. Utateremka kwenye basi mchana, watu wakikuona, utakula mtori, utawabeba watoto. Kisha nitakupa bamba hilo na wewe utamkabidhi Kornel kwa mkono wako, ukimtazama usoni, na utamjibu alichouliza. Atakalofanya baada ya hapo ni lake. Mimi nitakuwa nimeketi pale pale, sitoki.

Usipokuja, tarehe ishirini na sita nitampa mimi, na nitataja jina.

Basi la Rombo linaondoka stendi saa nne. Wahi, siku za sikukuu linajaa mapema.

Dada yako,
Digna